Sura ya 6: Ulihitaji, Kisha Ukafanya Nini?

Kati ya karatasi zote anazoandika mfanyakazi wa Thika au Ruiru kwa Kiingereza, hakuna inayomtoa jasho kama barua ya kujieleza. Barua ya kuomba kazi mtu hunakili ya mwenzake akabadilisha jina. Fomu ya likizo ina visanduku vya kutia alama. Lakini ukipewa "show cause", kama inavyoitwa viwandani, karatasi ni tupu na kisa ni chako peke yako. Jumatatu hukuonekana kazini. Mtoto alikuwa mgonjwa, au mlikuwa mkitoa maiti mochari, au matatu ilikwama Juja ukiwa ndani. Sasa unatakiwa ueleze, pengine kufikia kesho asubuhi, kwa nini usichukuliwe hatua, na kwa mazoea jibu husubiriwa kwa Kiingereza.

Anayesoma barua hiyo mara nyingi hakujui. Mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858 katika sensa ya 2009; ile ya 2019 ikahesabu 490,120. Thika nayo ni mji wa viwanda tangu zamani: mananasi ya Del Monte, mafuta ya kupikia ya Bidco, vitambaa vya Thika Cloth Mills, na karakana nyingi ndogo ambazo hazina hata kibao mlangoni. Mahali penye wafanyakazi wengi, supavaisa anayejua kwamba mwanao ana pumu siye anayetia sahihi. Barua inapanda ofisini, inasomwa na mtu mwenye rundo la faili mezani, na huyo anakujua kwa zile sentensi chache ulizoandika.

Na kisa chenyewe, ukikichambua, hakina mengi. Kulikuwa na haja, haja hiyo ilitokea jana au juzi, ikakutoa kazini. Kiingereza kina vifungu vichache vyepesi vya kusema hivyo: "I had to", "I needed to", "I was supposed to", "I should have". Vyote hufundishwa kabla ya mtu kumaliza shule ya msingi, na vyote sisi huvitafsiri haraka haraka kuwa "ilibidi" au "nilihitaji" tukaendelea na safari. Hapo ndipo watu huumia. Kila kimoja kati ya hivyo kimebeba jibu la swali ambalo meneja hajalitamka bado: sawa, ulihitaji, kisha ukafanya nini?

Tuanze na viwili vinavyochanganywa zaidi. Mama mmoja wa Kiandutu, tuseme, aliamka usiku akakuta mtoto anahema kwa shida. Akambeba hadi hospitali ya Thika Level 5, akakaa kwenye foleni hadi saa tano, na shifti yake ikaanza bila yeye. Akiandika "I had to take my child to hospital", amesema mambo mawili kwa mara moja: kwamba hapakuwa na njia nyingine, na kwamba alimpeleka. Akiandika "I needed to take my child to hospital", amesema haja ilikuwepo. Kama alimpeleka au alibaki nyumbani akimkanda kwa maji, sentensi haisemi. Meneja mwenye kutafuta makosa atauliza, na meneja asiye na muda hatauliza. Ataandika pembeni kwamba maelezo hayatoshi.

Jaribu kuongeza "but" mwishoni mwa kila sentensi usikie. "I needed to take my child to hospital, but I had no fare" inateremka vizuri. "I had to take my child to hospital, but I had no fare" inamfanya msikilizaji akunje uso. Kiswahili chako kinajua tofauti hii tayari. "Nilihitaji kumpeleka mtoto hospitalini lakini sikuwa na nauli" ni maneno ya kila siku. "Ilinibidi nimpeleke mtoto hospitalini lakini sikuwa na nauli" yanagongana. Kwa hiyo hapa huna jambo geni la kujifunza. Unachotakiwa ni kuacha kuamini kwamba Kiingereza hakijali mambo madogo kama haya.

Usiichukue kanuni hii kama amri ya polisi. Mtu anaweza kusema "I had to be at the gate at seven, but the matatu broke down", na hakuna atakayeshangaa, kwa sababu hapo anataja masharti ya kazi, si tendo alilolitenda. Lakini ukishataja tendo, kwenda, kupeleka, kununua, kuzika, msomaji wa "I had to" huelewa kwamba lilitendeka.

Jambo la pili ni la sarufi, na chanzo chake ni Kiswahili chetu cha Thika Road. Sikiliza mtu akisimulia stejini: "Gari zilikuwa zimepandisha fea, ikabidi nimetembea hadi Kimbo." Msikilize mwingine: "Ilibidi nimepigia landilodi." Kiswahili sanifu kingesema "ikabidi nitembee", "ilibidi nimpigie". Mazungumzo ya mtaani yamezoea kukitia kitenzi cha pili alama ya jambo lililokwisha, na mimi sina ugomvi na mazungumzo ya mtaani. Yanaeleweka na yana utamu wake. Shida huja mazoea hayo yanapohamia kwenye Kiingereza, ndipo tunapata "I had to went", "I needed to called", "I had to took him". Kiingereza hulipa wakati uliopita mara moja tu. "Had" ikishabeba jana, kitenzi kinachofuata kinabaki kitupu: had to go, had to call, had to take. Vivyo hivyo "did" ikishabeba jana kwenye kukanusha, "need" inabaki bila mkia: I did not need.

Kuna anayeuliza kwa nini asitumie "must", ambayo ameizoea tangu darasa la pili, akaitia wakati uliopita. Haiwezekani, na sababu yake ni ya kihistoria. "Must" yenyewe ilikuwa umbo la wakati uliopita katika Kiingereza cha kale. Karne zikapita, ikageuka kutumika kwa mambo ya sasa, na umbo lililokuwa la sasa likapotea. Ndiyo maana "had to" ikaitwa kuziba pengo. Nasi tuna yetu: "lazima" haibebi wakati hata ukiilazimisha, ni mpaka useme "ilikuwa lazima".

Wakati nao una mtego wake hapa Kiambu. Kikuyu hutenganisha ndani ya kitenzi chenyewe jambo la leo, la jana na la siku zilizopita kitambo. Anayefikiri kwa Kikuyu hahitaji kutaja siku ili aeleweke kwamba anasimulia habari za jana; kitenzi kimeshasema. Akija kwenye "I needed" au "I had to", tofauti hiyo inamwagika yote, na haina pa kukusanywa ila kwenye tarehe. Nimesoma barua zilizosimulia ugonjwa mzima, tangu homa ya kwanza hadi dawa ya mwisho, bila kutaja siku hata moja. Aliyeandika aliona ni wazi. Andika siku, andika tarehe, na kama unaikumbuka saa, iandike pia.

Sasa nije kwenye kifungu kinachopendwa kuliko vyote, ambacho hata sikukitaja hapo juu: "due to unavoidable circumstances". Kimejaa kwenye barua zetu, kwenye ujumbe wa simu kwa supavaisa, hata kwenye matangazo ya mikutano ya chama. Kina sauti ya ofisi. Lakini kinafanya kinyume cha kazi ya barua ya kujieleza. Umeulizwa ni haja gani iliyokutoa kazini, nawe umejibu kwamba ilikuwa haja isiyoepukika. Ipi? Msomaji hajui, na sasa anashuku kwamba hutaki ajue. "My mother was sick and I had to stay with her" ina maneno mepesi ambayo mtoto wa darasa la nne anayasoma, nayo ina uzito mara kumi.

Watu hawapendi kuniamini ninaposema hivyo. Tumelelewa tukiamini kwamba Kiingereza chepesi ni dalili ya shule ndogo, na imani hiyo haikuzuka jana. Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru kwenye kaunti hii hii, alieleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, jinsi wanafunzi waliokamatwa wakiongea Kikuyu shuleni walivyochapwa au kuvishwa kibao cha aibu shingoni. Kulikuwa pia na kidude cha kupokezana, disiki wengine huita, nacho kikafika hata kwenye shule ambazo hazina madirisha. Aliyekuzwa hivyo, akipewa karatasi tupu akiwa na miaka 40, hutafuta maneno makubwa ya kujificha nyuma yake. Namwelewa. Lakini faili ya ofisini haitoi alama za insha.

Wanaojua zaidi uandishi wa namna hii, kwa maoni yangu, ni walinzi. Ruiru imejaa mageti: mitaa ya kupanga, maghala, viwanda vya chuma, na kila geti lina mlinzi, meza na kitabu cha matukio, OB. Kila usiku mtu ambaye pengine aliachia shule darasa la saba anaandika Kiingereza cha wakati uliopita kwa saa na dakika. Gari limeingia, gari limetoka, mgeni wa nyumba 14 amekataa kuacha kitambulisho. Na mlinzi hujua kwamba asubuhi kikiibiwa kitu, kitabu hicho ndicho kitakachosomwa kabla yeye hajaulizwa.

Kwa mlinzi, hatari kubwa iko kwenye kukanusha. Kiswahili husema "sikutakiwa kufungua geti", na sentensi hiyo ina maana mbili: sikulazimika kulifungua, au nilikatazwa. Tunaponena ana kwa ana, sauti na hali hutuonyesha ni ipi. Kiingereza hukulazimisha uchague. "I did not have to open the gate" maana yake hakukuwa na ulazima. Ungeweza kufungua ukipenda. "I was not supposed to open the gate" maana yake amri ilikuwa usifungue. Sasa fikiria lori limekuja saa nane usiku, mlinzi amelizuia kama alivyoagizwa, na mwenye mzigo analalamika kwamba bidhaa zake zimeharibika. Mlinzi aliyeandika ile ya kwanza anaonekana mtu mkaidi aliyejiamulia. Aliyeandika ya pili ana amri nyuma yake. Wote wawili walimaanisha kitu kimoja.

Na "I was supposed to" bila kukanusha, yaani "nilipaswa", ni kifungu cha kushikwa kwa tahadhari. Kikitumika kwa jambo lililopita, msomaji husikia kwamba halikufanyika. "I was supposed to lock the store" ni sentensi ya mtu ambaye stoo ilibaki wazi. Kama ulifunga, andika "I locked the store" na uweke saa. "I should have" inakwenda mbali zaidi. Hiyo ni kukiri. "I should have called" maana yake hukupiga simu, na unakubali kwamba kosa ni lako. Kuna siku ya kuandika hivyo. Kama kweli hukupiga simu na ulikuwa na salio, sentensi hiyo pamoja na kuomba radhi itakusaidia kuliko kuzungukazunguka. Lakini usiiandike kwa bahati mbaya ukidhani unaeleza tu utaratibu wa kazi.

Hadi hapa "I needed to" imeonekana kama kifungu dhaifu, nami sitaki ukitupe. Kina mahali pake, na Thika ilipewa mahali hapo kwa nguvu mwaka 2020. Saa moja jioni ya tarehe 6 Aprili, serikali ilifunga eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake ili kupunguza kuenea kwa korona, na kwa upande wetu mpaka ukawekwa kwenye daraja la mto Chania, hapo Thika. Ng'ambo ni Murang'a. Magari ya chakula na mizigo yaliendelea kupita. Watu hawakuruhusiwa, na ikawa hivyo hadi Julai. Kwa mtu aliyelala upande wa Murang'a huku riziki yake ikiwa Makongeni ya Thika, mto aliouvuka kila siku bila kuutazama uligeuka mpaka wenye polisi. Yeye hangeweza kuandika "I had to report to work", kwa sababu hakufika. Sentensi yake ya kweli ni hii: "I needed to report to work, but I could not cross the Chania bridge." Haja ilikuwepo, nia ilikuwepo, njia haikuwepo. Hiyo ndiyo kazi ya "needed to", na hakuna kifungu kingine kinachoifanya vizuri hivyo.

Muundo huo huo ulifaa tarehe 7 Julai 2025, siku ya Saba Saba, polisi walipofunga barabara za kuingia Nairobi, Thika Road ikiwemo. Aliyetoka Ruiru alfajiri akarudishwa njiani alihitaji sentensi ya vipande viwili: nilihitaji kufika, sikuweza kupita. "I needed to reach work, but the road was closed." Ukiacha kipande cha pili, umeandika malalamiko. Ukiacha cha kwanza, unaonekana hukujali kufika.

Kuna pia umbo la kutendwa, nalo halitumiki vya kutosha: "I was needed at home." Nilihitajika nyumbani. Linafaa panapokuwa na msiba au mgonjwa, kwa sababu linaonyesha kwamba haja ilitoka kwa watu wengine. Lakini lifuatishe na maelezo. Sheria ya Kenya haijaweka idadi ya siku za likizo ya msiba. Hilo hutegemea mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, na mikataba mingi inataja jamaa wa karibu tu. Hapo neno "uncle" huwaponza watu. Baba mdogo aliyekulea, ukimwita "uncle", anawekwa kapu moja na mjomba wa mbali mliyeonana harusini. Andika "my father's brother, who brought me up". Kisha useme ulichofanya: "I had to attend his burial in Murang'a on Friday."

Sasa kuna kitenzi ambacho hakihusu haja hata kidogo lakini hujipenyeza humu: kutaka. Tunasema "nilitaka kuanguka" tukimaanisha nusura tuanguke. "Mashine ilitaka kunishika mkono." Hakuna Mswahili anayedhani mtu huyo alitamani kuanguka au mashine ina roho. Kwa Kiingereza, "I wanted to fall" ni habari ya mtu aliyeamua kuanguka, na kwenye ripoti ya ajali kazini si mzaha. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya 2007, ile watu huiita WIBA, inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku 7 baada ya kuarifiwa. Sheria hiyo hiyo inamnyima fidia mfanyakazi aliyeumia kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, isipokuwa pale ajali imeleta kifo au ulemavu mkubwa. Makusudi. Kwa hiyo andika "I almost fell", "the machine almost caught my hand". Na kama ulitia mkono kwenye mashine kwa sababu kitambaa kilikuwa kimenasa na uliagizwa usisimamishe kazi, sema yote: nani aliagiza, na kwamba "I had to remove the cloth by hand". "I wanted to remove the cloth" inakuacha peke yako na uamuzi wako.

Tahadhari ya namna hiyo iende nawe hadi kituo cha polisi. "I needed money", maneno ya kawaida kabisa kwa mtu anayeeleza kwa nini alikopa au aliuza kitu, yakiwa kwenye maelezo ya polisi husomeka kama sababu ya kuiba. Katiba, ibara ya 49, inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa kwa nini amekamatwa, na haki ya kunyamaza. Itumie hiyo ya pili kuliko kujaribu Kiingereza chako hapo kaunta.

Nikiri kwamba kuna wakati uliopita ambao hauhusu yaliyopita. "Nilikuwa naomba off Ijumaa." Aliyesema hivyo anaomba sasa hivi, ule wakati uliopita ni adabu tu, ni kupunguza makali ya ombi mbele ya mkubwa. Kiingereza cha Kenya kimeuchukua mzima mzima: "I was requesting for an off on Friday." Ana kwa ana unapita, na supavaisa mwenyewe huongea hivyo. Kwenye maandishi, msomaji mkali atauliza kama uliacha kuomba. Andika "I request", au "I would like to request". Adabu itakuwepo bado.

Kabla ya kuja kwenye haki zako, inafaa kukumbuka kwamba kulikuwa na wazee wa mashamba ya huku kwetu ambao hawakupewa karatasi tupu ya kujaza. Sheria ya kuandikisha Waafrika ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande, karatasi iliyotiwa ndani ya kijikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Aliyeandika humo ni mwajiri: siku ya kuingia kazini, mshahara, siku ya kutoka. Aliyeondoka kwenye shamba la katani au la kahawa bila sahihi hiyo alikuwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Kama mkewe alikuwa amejifungua au baba yake amefariki, hapakuwa na mahali pa kuandika. Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui hapa Kiambu, alipinga kipande pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara, akakamatwa Machi 1922. Ukiona leo barua ya onyo inasema ume-"abscond duty", jua ni mabaki ya lugha ile ya utoro. Tofauti ni kwamba sasa una haki ya kujibu.

Haki hiyo imeandikwa. Sheria ya ajira ya 2007, kifungu cha 44, inahesabu kutofika kazini bila ruhusa wala sababu halali kuwa kosa kubwa linaloweza kukufutisha kazi bila notisi. Shika maneno "sababu halali"; barua yako yote inapigania hayo mawili. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kukuachisha kazi kwa utovu wa nidhamu, akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua mwenyewe, kisha asikilize utetezi wako na wa huyo uliyekuja naye. Kifungu cha 30 kinakupa, baada ya miezi miwili mfululizo ya kazi, siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, mradi ulete karatasi ya daktari. Lakini hizo ni za ugonjwa wako. Mtoto akiugua, huna kifungu hicho cha kuegemea, na ndiyo maana sentensi ya "I had to take my child" inahitaji kuandikwa kwa uangalifu kuliko "I was sick".

Na hakuna mahali sheria inaposema utetezi wako uwe kwa Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inafanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi zote mbili. Ushauri wangu ni huu. Ukiona sentensi nne za Kiingereza zinakutosha, ziandike, kwa sababu ofisini zitasomwa haraka. Ukiona hazitoshi, andika Kiswahili, tena kizuri, ukitenganisha "ilinibidi", "nilihitaji" na "nilipaswa" kama tulivyofanya humu. Barua nzuri ya Kiswahili ni bora kuliko barua ya Kiingereza iliyoandikwa na jirani ambaye hakuwepo.

Hizi hapa sentensi nne za yule mama wa Kiandutu, kama angeniomba nimsaidie: "I was absent on Monday, 3 March. My son could not breathe well at night and I had to take him to Thika Level 5 Hospital. I called my supervisor at 6.10 a.m. I have attached the hospital card." Haja imetajwa mara moja. Yaliyofanyika yametajwa moja kwa moja bila "needed" wala "wanted": nilipiga simu, nimeambatisha kadi. Hakuna radhi isiyohitajika, hakuna "unavoidable". Kama hukupiga simu, sentensi ya tatu iwe "I should have called, and I am sorry", na uiache hapo.

Kabla ya kuipeleka barua, ipige picha kwa simu. Ukiikabidhi, mwombe anayeipokea aandike tarehe na kutia sahihi kwenye nakala yako, na nakala hiyo ubaki nayo nyumbani. Usiiache kwenye loka ya kazini.